Wali ulipashwa moto vizuri, mbona mtoto alitapika?

Dada uliyeuliza kwa nini mwanao alitapika wali uliolala, ilhali uliupasha moto hadi ukafuka mvuke, na kama ingefaa kumpa dawa ya kuzuia matapishi papo hapo, nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Mwaka juzi tulitoka harusini Kibokoni usiku, tukafungiwa biriani kama ilivyo ada. Kwetu Mombasa wali wa biriani huwa mbali na masala yake mbali. Masala tuliyatia kwenye friji, lakini wali ulikesha mezani ndani ya sufuria lililofunikwa, na joto la kaskazi unalijua. Saa mbili asubuhi mke wangu aliupasha moto, mwanetu wa miaka 7 akala sahani nzima. Ilipofika saa tano alishikwa na kigegezi, mate yakamjaa kinywani, kisha akatapika mara sita kabla ya adhuhuri, mara za mwisho yakitoka maji ya manjano matupu. Mama akasema mtoto ana nyongo.

Tabibu alitueleza kwamba nyongo haikuwa chanzo. Tumbo likishakuwa tupu na mtu akaendelea kutapika, nyongo iliyomo kwenye utumbo mwembamba hurudi juu, ndiyo ikaonekana. Chanzo kilikuwa wali wenyewe. Mchele mbichi huwa na vijimbegu vya bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambavyo havifi kwa kuchemshwa. Wali unapopoa polepole katika chombo kikubwa, humea na kutoa sumu. Sumu hiyo haiharibiki kwa moto wa jikoni, kwa hiyo kuupasha wali kuliwaua bakteria, sumu ikabaki. Kwa kawaida mtu hutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, na hali hutulia ndani ya siku moja.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba tumbo halijitapishi lenyewe. Amri hutoka kwenye shina la ubongo, baada ya mishipa ya fahamu kupeleka habari kutoka utumboni, na hapo ndipo koo la hewa hufungwa, kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, pamoja na misuli ya fumbatio hukaza kwa nguvu, na tumbo lililolegea hukamuliwa kama mfuko. Hata yale mate yanayotangulia yana kazi yake, kwani huyakinga meno na asidi. Ndipo nilipofahamu kwa nini mimi mwenyewe hutapika kila mashua inapovuka mwamba kwenda kuvua, hata kama sijala kitu: sikio la ndani huhisi mawimbi huku macho yakiona ubao uliotulia, na ubongo hupata habari mbili zisizolingana.

Kuhusu dawa, mimi pia niliitaka, tena sindano, lakini tabibu alikataa kuanza nayo. Alitupa pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, akatuagiza tupime maji kama pakiti inavyoelekeza na tumnyweshe kijiko kimoja kimoja kila baada ya dakika chache. Akitapika tungoje dakika kumi, kisha tuanze tena polepole zaidi. Kosa letu la awali lilikuwa kumpa bilauri nzima kwa mkupuo, naye akaitapika yote.

Usingoje nyumbani, hata hivyo, ukiona matapishi ya kijani au yenye damu, shingo iliyokakamaa, tumbo lililovimba na kuuma, usingizi usio wa kawaida, au mtoto asiyekojoa kwa saa nyingi. Akiwa na homa, apimwe malaria, maana nayo hutapisha.

Siku hizi tukifungiwa biriani, wali hutandazwa kwenye sinia upoe upesi, kisha huingia friji kabla hatujalala. Mama bado analalamika kwamba wali wa friji hukauka na kupoteza harufu yake.