Maumivu ya tumbo yakipoa ghafla, huenda mtoto hajapona

Hiyo dawa ya kulainisha choo iweke chini! Mtoto wa miaka 6, tumbo lilianza kuuma kitovuni jana jioni, sasa linauma chini kulia, ametapika mara mbili, nawe unauliza kama usubiri asubuhi na kama kila hospitali hutibu kidole tumbo kwa utaratibu mmoja? Mpeleke sasa hivi. Asile wala asinywe kitu, huenda akapasuliwa.

Wangu alikuwa na miaka 7. Nilimpeleka mapema, nikidhani hapo nimemaliza kazi yangu. Daktari wa zamu akambonyeza tumbo mara moja, akasema ni minyoo. Hakumwambia aruke wala akohoe, hakuchukua damu, hakuandika ultrasaundi. Nilipoomba dawa ya maumivu akakataa, eti itaficha ugonjwa. Hofu hiyo ni ya zamani, na utafiti umeshaonyesha haina msingi. Akatuaga: "Yakizidi, mrudi."

Basi nikakaa nangoja yazidi. Usiku wa pili yakapoa. Mtoto akalala, nikampigia simu bibi yake nikamwambia mjukuu amepona. Kumbe kidole tumbo kimepasuka! Kilikuwa kimejaa na kubana, kilipopasuka mbano ukaisha, ndiyo ile nafuu, na usaha ukaanza kusambaa tumboni. Kulipokucha tumbo lilikuwa gumu kama ubao, homa inawaka, amekunja miguu hataki hata shuka limguse.

Simlaumu yule daktari kwa kukosea. Kwa watoto wadogo ugonjwa huu huwapotosha hata mabingwa. Ninachomlaumu, na hasira haijaniisha, ni kuturudisha nyumbani bila kuandika kitu na bila kusema turudi saa ngapi. Neno "yakizidi" ndilo lililotuponza, maana hayakuzidi!

Hospitali ya pili walikuwa na karatasi ya alama 10 anayojaziwa kila mtoto mwenye tumbo la aina hii, awe amepokelewa na nani. Akiumia anaporuka au kukohoa, 2. Akiumia akibonyezwa chini kulia, 2. Maumivu yaliyohama, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, homa, chembe nyeupe za damu kuwa nyingi, na aina yake moja inayopambana na bakteria kupanda, 1 kila kimoja. Alama nyingi, anaitwa daktari wa upasuaji. Za katikati, anapigwa ultrasaundi, anabaki wodini na kukaguliwa tena baada ya saa chache. Huyo wa katikati ndiye anayepotea pale ambapo kila daktari wa zamu ana mtindo wake.

Kidole tumbo kikitolewa kabla hakijapasuka, mtoto mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Wangu alilazwa siku 11, antibayotiki kwenye dripu, na mrija tumboni wa kutoa jipu lililojitunga baada ya upasuaji.

Kwa hiyo wakikuambia mwende nyumbani, usiinuke kwenye kiti mpaka uone yameandikwa mambo mawili: alama alizopata, na saa ya kukaguliwa tena. Saa hiyo ikifika mrudishe, hata kama anacheza. Hasa kama maumivu yamekatika yenyewe.

Na kabla hujafunga mlango, andika mahali saa maumivu yalipoanza. Ni katika maswali ya kwanza utakayoulizwa. Mimi niliulizwa nikabaki kusema "juzi, nadhani."