Spika aliyenitoa kwenye kukariri

Nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani, maswali yalikuwa 100. Ofisa anakuuliza 10, ukipata sita umepita. (Hiyo ni enzi yangu, wewe angalia utaratibu wa sasa.) Nilikariri kama mtoto wa madrasa, sauti juu, maana sina. Swali moja lilikuwa linanitoroka kila nikifunga kijitabu: Rais na Makamu wake wote wakishindwa kuendelea, nani anashika? Makamu nilimjua, Watanzania tuliona Machi 2021. Baada yake, giza.

Mke wangu akaniwekea The West Wing, tamthilia ya NBC ya 1999 hadi 2006. Mwishoni mwa msimu wa nne binti wa Rais Bartlet anatekwa. Baba mtu anaona hawezi kuamua mambo ya nchi roho ikiwa kwa mwanawe, anajiweka kando kwa kutumia marekebisho ya 25 ya Katiba. Makamu ameshajiuzulu. Anayeingia ni Spika wa Baraza la Wawakilishi, tena wa chama pinzani! Na sharti kwanza auache uspika na ubunge. Jibu lile halijanitoka tena.

Kwa hiyo tazama, ila Katiba iwe pembeni. Wakitaja kifungu, simamisha, usome. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nafasi ya Makamu ikibaki wazi, Rais humteua mwingine na mabaraza yote mawili ya Bunge humthibitisha. Nixon alimteua Gerald Ford hivyo mwaka 1973. Mwaka uliofuata Ford akawa Rais bila kuchaguliwa na wananchi kwa cheo chochote kati ya hivyo viwili. Mtunzi wa tamthilia angeambiwa amezidisha chumvi.

Usichotakiwa kuamini ni saa. Humo serikali ikifungwa kwa kukosa bajeti, mambo yanaisha upesi. Ile ya kweli iliyoanza Desemba 2018 ilidumu siku 35. Jirani yangu, mkaguzi wa uwanja wa ndege, alikwenda kazini bila mshahara, akaja kwetu kuazima unga.

Halafu karibu kila kitu kinatokea White House. Leseni ya udereva inatoka jimboni, theluji ya mtaani inaondolewa na mji. Asubuhi moja ya baridi nilikuta gari langu limevutwa, nilikuwa nimeegesha upande uliokatazwa. Nilijua nani anashika urais hata Spika akikosekana. Nani wa kumpigia simu kuhusu gari, sikujua.