Sakafu ya chumba kipya iko chini kuliko ya sebule

Mkuu, hizo sentimita 3 ambazo sakafu ya chumba ulichoongeza imeshuka kuliko ya sebule zinarekebishika, ila usimwage kitu kabla ya kujua kama msingi mpya bado unatitia. Weka alama za penseli kwenye ncha za ule ufa ulio pale chumba kipya kinapoungana na nyumba ya zamani, uufuatilie miezi kadhaa. Ukirefuka, tabaka lolote la juu litapasuka vilevile, na hapo tatizo ni la udongo, si la sakafu.

Ufa ukitulia, chubua zege la sakafu ya chumba kipya, lilowane, paka uji wa saruji, kisha kabla haujakauka mwaga mchanganyiko wa saruji kipimo 1 kwa mchanga vipimo 4. Mwagilia siku 7. Sakafu mbili zinapokutana acha mwanya; kigae kisiuvuke. Mlango nao upimwe mapema kwa kuwa sakafu itapanda, mafundi husahau sana hilo.