Ukigawa katuni bure, zigawe zikiwa tayari kutumika

Nachora katuni kwa kupenda tu, jioni nikishatoka kazini, hapa Moshi. Nikimaliza naziweka mtandaoni, anayetaka anachukua. Vijana wenye kipaji huniuliza na wao waanzeje, na mara nyingi swali la kwanza ni programu gani natumia. Programu isikuumize kichwa. Inkscape na Krita zote ni za bure na zinatosha kabisa. Swali ninalotamani waanze nalo ni hili: nani ataichukua picha hii, na anakwenda kuifanyia nini?

Kwangu mimi wachukuaji wakubwa ni walimu wa chekechea na shule za msingi. Mwalimu anatafuta picha ya mama anayepepeta mchele kwenye ungo, dumu la maji la lita 20, bodaboda iliyobeba mkungu wa ndizi, mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita kihambani, kwenye shamba la nyumbani la Wachagga. Akiingia mtandaoni anakutana na mtoto anayecheza kwenye theluji na basi la shule la rangi ya njano. Hizo zimejaa tele. Mfongo hauoni. Basi chora kinachokosekana. Kaa na daftari pale soko la Mbuyuni asubuhi moja tu, tazama jinsi mama anavyopanga nyanya mafungu mafungu na jinsi mpiga debe anavyoning'inia mlangoni, utapata kazi ya miezi.

Na ukichora cha kwetu, kichore sawasawa. Ukisimama Moshi ukautazama mlima Kilimanjaro, kilele cha Kibo kiko kushoto kwako na cha Mawenzi, kile chenye meno meno, kiko kulia. Zile picha maarufu za tembo wakiwa mbele ya mlima hupigwa Amboseli, upande wa Kenya, na huko mambo yanageuka: Mawenzi inakuwa kushoto. Anayenakili kutoka kwenye picha hizo anampelekea mtoto wa Rau, hapa Moshi, mlima uliogeuzwa. Mtoto huyo anauona mlima kila mawingu yanapofunguka. Usimdanganye kwenye karatasi ya shule.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wachoraji wengi hawalifikirii kabisa: mashine ya fotokopi. Picha yako, hata uipake rangi nzuri namna gani, mwisho wa safari yake ni nyeusi na nyeupe. Mwalimu anaipeleka steshenari, anatoa kopi moja, kesho mwenzake anatoa kopi kutoka kwenye ile kopi. Chukua mchoro wako ukaufanyie hivyo hivyo kabla hujaugawa. Mimi nilipeleka mchoro wangu wa bibi aliyevaa kitenge. Kivuli cha kijivu nilichompa shavuni kiligeuka doa jeusi, kama ameungua. Kope zilizochorwa kwa kalamu nyembamba zilipotea. Maua ya kitenge, ambayo yalikuwa mistari minene mitupu, yalitoka safi hadi kwenye nakala ya nakala. Kwa hiyo kivuli kipige kwa vistari vilivyoachana vizuri, usikipake. Mstari wa nje wa mwili uwe mnene, wa ndani upungue kidogo lakini usiwe uzi. Rangi ya samawati hafifu isahau, mashine nyingi haziioni.

Yale maputo ya maneno, mengi nayaacha wazi. Mwalimu mmoja wa darasa la pili aliniambia, "Kaka, usituandikie, tuachie nafasi." Alikuwa na maana yake: anataka watoto wabuni wenyewe bibi anamwambia nini konda. Ila kumbuka mwandiko wa mtoto wa darasa la pili ni mkubwa, kwa hiyo puto liwe pana kuliko unavyodhani.

Kuhusu faili, weka PNG badala ya JPEG. JPEG inaacha vumbi vumbi pembeni ya mistari, na kwenye kopi vumbi lile linaonekana. Ukurasa mzima wa A4 uwe na pikseli 2480 kwa 3508, ndiyo nukta 300 kwa inchi. Ongeza na PDF, maana ndiyo steshenari wanayoichapa bila maswali. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa na mistari inafifia. Mchoro wa nyeusi na nyeupe ni mwepesi, haumli mtu bando.

Halafu ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda tangu unapochora, hata kama hujasajili popote. Maana yake, usipoandika kitu, mwalimu mwaminifu anaogopa kutumia na asiye mwaminifu anatumia atakavyo. Andika masharti pale pale chini ya picha, kwa Kiswahili cha kawaida: unaruhusiwa kunakili, kugawa, kubadili, taja jina langu, usiuze. Pamoja na hayo mimi naweka mojawapo ya leseni za Creative Commons, yaani ruhusa zilizoandikwa tayari ambazo mchoraji yeyote anaweza kuziweka kwenye kazi yake, na zipo tangu 2002. Yenye alama BY inataka jina lako litajwe, NC inakataza biashara, ND inakataza kubadili. Niliiacha ND kwa makusudi, kwa sababu mwalimu lazima aweze kukata na kuunganisha. Fikiri kabla ya kuchagua: leseni hizi ukishazitoa huwezi kumnyang'anya aliyekwisha kuchukua. Wengine huniuliza kama steshenari inayolipwa kutoa kopi inavunja sharti la NC. Marekani, mwaka 2018, mahakama ya rufani iliyoko New York ilisema duka la kopi linalofanya kazi kwa agizo la shule halivunji. Si hukumu ya kwetu, lakini hoja yake naiona ni ya haki: anayetumia ni shule.

Jina nalo liweke mahali pasipokatika. Kuna mchapaji fulana mmoja alichukua mchoro wangu wa bodaboda, akakata jina lililokuwa chini, akaanza kuuza. Jina la pili, nililoliandika kwenye pleti namba ya pikipiki, likabaki kifuani kwa kila mteja. Nilimwendea na faili la awali pamoja na masharti niliyoyaandika, akaacha kuuza siku hiyo hiyo. Iliniuma, kwa sababu picha ile niliichorea watoto wajifunze usalama barabarani.

Mwisho, watakuja watu kukuomba uwachoree kitu maalumu, shule inataka nembo, mwingine kadi ya harusi, na wote watasema "si unatoa bure?" Jibu bila aibu: iliyopo mtandaoni ni ya bure, ya kuagiza ina bei. Taja bei kabla hujashika kalamu, chukua nusu ya malipo mbele, na uandike mtaonyeshana rasimu mara ngapi.