Oveni haijafa, wanangu: pimeni kwanza

Wiki hii kijana kaniletea elementi ya oveni, kile chuma kinachotoa moto, imefungwa kwenye gazeti, ananiuliza nyingine kama hii itapatikana duka gani Mombasa. Nikaweka mita: 29. Elementi ya wati 2000 kwa umeme wa volti 240 husoma omu 29 hivi. Sasa ulitaka isome nini, hitima?

Na si yeye peke yake. Malindi nzima mnafungua oveni kwa bisibisi kabla hamjazifungua kwa akili, na mwenye nyumba ndiye analipa. Basi sikilizeni.

1. Saa kwanza. Stima ikipotea ikirudi, saa inapepesa masufuri, na oveni nyingi za aina hiyo hazipashi moto mpaka uiweke upya. Iweke, chukua nauli yako, nenda zako.

2. Zima kwenye breka, kisha pima uhakikishe imezimika. Hili sielezi. Asiyelijua arudi kwa aliyemfundisha.

3. Msikilize mwenye oveni. Bi mkubwa mmoja wa Shela, mpishi wa mikate ya mayai, aliniita Shaaban ikielekea ukingoni, oda za Ramadhani zimeshaanza kuingia. Mlangoni tu akaniambia, "Mwanangu, kabla haijakataa ilinuka, huku nyuma." Nikajibu nimesikia, bibi. Sikusikia kitu. Nilikuwa na mita mpya na haraka ya kuionyesha.

Nikachomoa nyaya mbili za elementi, nikazipima: 240. Nikapima elementi: 29. Mwenye akili angesimama hapo ajiulize, umeme upo, elementi nzima, moto umekwenda wapi? Mimi nikaamua mita inasema kweli kwenye nyaya na uongo kwenye elementi. "Inakatika ikishika moto," nikamweleza, sauti ya daktari kabisa. Elementi ikaja kwa basi, nikaifunga. Baridi vilevile. Aibu ikanishika, na badala ya kurudi nyuma nikapanda bei: nikasema thamostati, ile inayopima joto na kuukata moto ukitosha. Hiyo ikaagizwa Nairobi, kwa pesa ambazo sizitaji hapa maana wanawe wanasoma. Alizitoa kwenye fungu la unga na mayai. Nikafunga. Baridi.

Bibi alikuwa ameshauanza mkaa, moto juu moto chini, anapepea. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na ile harufu, fundi?"

Ndipo nikamulika tochi nyuma. Kwenye ile swichi ndogo inayokata umeme joto likizidi, kichwa cha waya kilikuwa kimeliwa na chumvi, nyuzi zimeungua, zimebaki masizi. Masizi yale yalipitisha umeme wa kutosha kuidanganya mita, kwa sababu mita haivuti kitu. Lakini elementi inataka ampea 8. Ukiiunganisha tu, volti zote zinaishia palepale kwenye masizi. Nikakata, nikabana kichwa kipya cha shilingi chache, moto ukaja.

Nikamwambia thamostati ndiyo iliyounguza waya. Baada ya Idi nilimrudishia pesa zangu za ufundi, nikasema nilikosea hesabu. Huo ukawa uongo wa pili.

Kwa hiyo pimeni volti elementi ikiwa imeunganishwa na imewashwa. Bana ncha za mita umeme ukiwa umezimwa, toa mikono, ndipo uwashe. Ukikuta 240 na moto hakuna, elementi imekufa. Ukikuta chache, rudi nyuma kiungo kwa kiungo.

4. Nyumba za wageni, Casuarina hadi Watamu, zilizofungwa kusi nzima. Mwenyewe anarudi, anawasha oveni, breka ya uvujaji, ile inayokata umeme ukivujia ardhini, inaruka, nanyi mbio kuagiza elementi. Ule unga mweupe ulio ndani ya elementi hunywa unyevu, umeme ukavuja. Mita ya kawaida haiuoni; tumia megga, mita ya kupima uvujaji, ya volti 500. Ifungue, ikaushe kwenye oveni nyingine kwa moto mdogo, ipime tena kabla ya kuihukumu. Ikiwa ganda limepasuka, haya, badilisha. Na anayekata waya wa ethi ili breka isiruke asinisalimie.

5. "Inapika polepole." Pima umeme saa za jioni, mtaa mzima unapopika. Ukishuka hadi volti 200, elementi ya wati 2000 inatoa kama 1400, na hakuna thamostati itakayoponya hilo. Tazama na mpira wa mlango. Halafu tazama kile kijiti cha thamostati ndani ya oveni, kama kiko kwenye kibanio chake. Mara nyingi kimeangushwa na aliyesafisha, na hatakwambia usipomuuliza.