TAPSE 18 na presha ya mapafu iko juu: usiandike "moyo wa kulia uko sawa"

Mkuu, usisaini hiyo ripoti ya ultrasaundi ya moyo. Umeuliza kama unaweza kuandika kwamba moyo wa kulia unafanya kazi vizuri kwa kuwa TAPSE, yaani umbali ambao pete ya vali ya trikaspidi husogea moyo unapobana, ni mm 18. Lakini humo humo umeweka namba mbili nyingine: mvujo wa trikaspidi (vali iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini za kulia) una kasi ya mita 4 kwa sekunde, na mshipa mkuu wa chini una mm 23 na haupungui hata nusu mgonjwa akinusa kwa nguvu. Hizo ndizo zinazokukatalia.

Piga hesabu. 4 mara 4 ni 16, mara 4 tena ni 64. Ongeza 15 za atiria ya kulia, yaani chemba ya juu, maana mshipa umepita mm 21 na haubonyei. Unapata presha ya mapafu ya 79 mmHg, ikiwa vali ya mapafu haijawa nyembamba. Gawa 18 kwa 79: 0.23. Mwongozo wa 2022 wa ESC/ERS, vyama vya Ulaya vya madaktari wa moyo na wa mapafu, unaweka 0.19 hadi 0.32 kwenye hatari ya kati. Huyo ndiye mgonjwa uliyetaka kumwandikia "sawa"!

Wanaonikera ni wakufunzi wa semina wanaoonyesha jedwali, "17 kwenda juu salama", kisha wanahamia slaidi nyingine. TAPSE inapima safari ya nukta moja tu, ukingo wa nje wa pete ya trikaspidi. Haijui ventrikali, yaani chemba ya chini, inasukuma dhidi ya mzigo gani. Na inadanganya pande zote. Mstari wa M-modi, ule wa ultrasaundi unaopimia TAPSE, ukipita kwa mshazari, namba inashuka bure. Vali ikivuja sana, ventrikali inamwaga damu kirahisi kurudi kwenye atiria. Pete inacheza vizuri huku mapafu yakipata kidogo. Ventrikali ikitanuka, moyo mzima unayumba: tazama ncha yake kwenye picha ya chemba nne, ikisogea sana, sehemu ya hizo mm 18 si mkazo wa misuli hata kidogo. Baada ya upasuaji wa moyo ni kinyume, TAPSE hushuka hata kama ventrikali kwa ujumla inasukuma vizuri.

Kwa hiyo chora pia eneo la ventrikali ya kulia ikiwa imejaa na ikiwa imebana, ukiacha nyuzi za misuli za ndani zihesabiwe kama sehemu ya uwazi. Sentimita za mraba 30 zikishuka hadi 22, upungufu ni asilimia 27, na mpaka wa chini wa kawaida ni 35. Hapo TAPSE yako ya 18 imeshaumbuka.

Na akirudi kliniki kasi ikiwa imeshuka toka 4 hadi 3.2, usikimbilie kusema dawa imefanya kazi. Ventrikali iliyochoka haiwezi tena kuzalisha presha. Kama TAPSE nayo imeshuka na mshipa mkuu umezidi kujaa, huyo anazidiwa.

TAPSE isisomwe kamwe bila presha inayopambana nayo. Andika hivi: "TAPSE mm 18, presha ya ventrikali ya kulia wakati wa kubana inakadiriwa 79 mmHg, uwiano 0.23; ventrikali ya kulia haimudu mzigo ipasavyo." Halafu mpigie simu daktari aliyemtuma, leo.