Mwaloni wako na kisiki cha bibi yako

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mama yako akinicheka. Unauliza kama mwaloni wa nyuma ya nyumba yako huko Marekani unaumwa, maana mwaka jana kokwa zilijaa uani hadi mkawa mnateleza, na mwaka huu hakuna hata moja. Je, uukate?

Mti haudaiwi, nimekwambia tangu ukiwa mdogo. Mialoni ndivyo ilivyo: mwaka mmoja humwaga, kisha hupumzika, tena eneo zima kwa pamoja, hata kindi na panya washindwe kuzimaliza kokwa na nyingine zipate kuota. Au baridi iliunguza maua. Kama majani yana ncha kali, tazama vijitawi: aina hiyo kokwa zake hukomaa mwaka wa pili, na za mwakani sasa ni ndogo kama pilipili manga.

Mwembe wa bibi yako pale Muheza, ule dodo, msimu mmoja ulizaa hadi tukayawekea matawi nguzo. Msimu uliofuata, majani matupu. Mimi nilikuwa bwana shamba mpya, kalamu tatu mfukoni. Nikalizunguka shina, nikaligonga, nikatamka: umezeeka. Bibi yako akasema, "Umechoka tu." Nikaita watu wa msumeno.

Ndani mti ulikuwa mzima, unachuruzika maji, hakuna hata tundu la mdudu.

Na somo lenyewe nilifundishwa chuoni! Tawi lililobeba embe nyingi hutumia akiba yake yote, sharti litoe kwanza majani mapya ndipo lichanue tena. Nililiandika kwenye daftari, na mtihani nikafaulu.

Pengine tawi moja lingeliangukia jiko siku moja. Hayo nilijiambia miaka mingi. Lakini hapana, halikuwa limeegemea jiko. Bibi yako hakunilaumu, ila kila asubuhi alifagia kukizunguka kile kisiki ulichokuwa ukikalia ukila miwa, kana kwamba majani bado yanadondoka.

Basi usiu... Haya, sisemi. Uwanja ni wako. Mti haudaiwi, lakini mti uliooza nao haubembelezwi. Mwite anayejua miti aukague shina. Ningekuwa mimi ningengoja, ingawa mimi si wa kuulizwa.

Nitumie picha ya vijitawi, karibu karibu, nivione.

Baba yako